Kazi hii niichukue au niiache? Wakata miti wa Bukavu wanauliza

Mvua zikishaanza Septemba, kila mwenye mti mkubwa mlimani huanza kuutazama kwa wasiwasi, na simu za mafundi hazinyamazi hadi Mei. Barua za safari hii zimetoka kwa wakata miti, wasaidizi wao na wenye parseli (viwanja). Karibu zote zinagusa jambo moja: ni wakati gani fundi aseme hapana.

Nimeitwa huko Kadutu kukata mkaratusi mkubwa ukingoni mwa parseli. Mwenye mti amechimba mlima ili apate mahali pa kujenga, na udongo umekatwa hadi hatua moja kutoka kwenye shina. Chini yake kuna nyumba mbili za mbao, watu wanaishi. Analipa vizuri, na amesema nikikataa atamwita mwingine. Nifanyeje?

Ndugu fundi, mti huo usiupande. Tunalisema hili bila kuuona, kwa sababu ya hiyo hatua moja uliyoitaja. Mizizi minene inayouzuia mti usianguke haiendi mbali. Kwa shina lenye upana wa sentimita 50, nguvu kubwa ya kushikilia iko ndani ya mita mbili hivi kutoka kwenye shina. Kanuni ya ujenzi ya Uingereza hutaka udongo uachwe bila kuguswa kwa umbali wa mara 12 ya upana wa shina, yaani mita 6 kwa mti wa ukubwa huo. Mti uliochimbwa hivyo unaweza kusimama miezi mingi, majani yakiwa mabichi, kwa kuwa hakuna aliyeutikisa. Wa kwanza kuutikisa utakuwa wewe: uzito wako, mvuto wa kamba, halafu kilele kikikatika shina linapigapiga mbele na nyuma, nawe umefungwa juu yake.

Ukitaka ushahidi wa kumwonyesha mwenye mti, kagua ukiwa pembeni au upande wa juu wa mlima, usisimame upande ambao mti utaangukia. Tazama ukuta wa udongo uliochimbwa, uhesabu mizizi iliyokatwa yenye unene wa kifundo cha mkono au zaidi. Kisha tafuta ufa upande wa juu wa shina. Mara nyingi umepinda kama nusu duara na umefunikwa na majani makavu, kwa hiyo fagia kwanza, halafu chomeka kijiti uone kinazama kiasi gani. Mwisho subiri upepo kidogo, macho yako yakiwa kwenye udongo, uache matawi. Udongo ukiinuka na kushuka pamoja na upepo, mizizi imeshaanza kung'oka, na hapo hakuna cha kujadili na mteja.

Kazi yenyewe bado inaweza kufanyika kwa njia nyingine. Kama kuna mti mwingine mzima karibu, mpandaji anaweza kufunga kamba yake kwenye huo na kufanya kazi akining'inia kutoka huko. Ule mkanda wa kiunoni asiuzungushe kwenye mti mbovu hata kwa dakika moja, maana mti ukienda, naye anakwenda. Hata kwa njia hiyo, sharti la kwanza ni kwamba nyumba za chini ziwe tupu, na ikibidi mabati na mbao vifunguliwe kabla. Mwenye mti akikataa kugharamia hilo, amekuamulia.

Kuhusu huyo fundi mwingine, huenda kweli akaja. Andika ulichokiona: tarehe, mti uko wapi, mizizi mingapi imekatwa, ufa uko upande gani na una kina gani. Nakala moja mpe mwenye mti, nyingine mpe shefu wa avenyu (kiongozi wa mtaa). Watu wa zile nyumba mbili waambie kwa mdomo, siku hiyohiyo, wasilale humo mvua ikinyesha. Hao ndio wanaoihitaji habari hiyo kuliko wote, na mara nyingi ndio wanaosahauliwa kuambiwa.

Mteja wa Nyamugo anataka tuandike karatasi kwamba chochote kikiharibika ni juu yake. Je, karatasi hiyo inanilinda?

Kwa jirani, haikulindi. Kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia ya Kongo, dikrii ya tarehe 30 Julai 1888, kinasema katika kifungu cha 258 kwamba anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake lazima aifidie. Kifungu cha 259 kinaongeza uzembe, na cha 260 kinakubebesha pia makosa ya wasaidizi wako. Jirani ambaye paa lake limetobolewa hakusaini kitu. Karatasi yenu inaweza kusaidia kugawana gharama kati yenu wawili, basi. Na mteja anayetaja karatasi kabla hajataja bei, muulize taratibu anajua nini kuhusu mti huo. Kuna tawi lililoshaanguka? Kuna fundi aliyeshakuja akaondoka?

Nitajuaje kwamba shina limeoza ndani, na sina mashine ya kupimia? Nauliza hasa miti ya avoka (parachichi) ya zamani huku Nguba na Muhumba.

Nyundo ya mbao inatosha kuanzia, na hata kisogo cha shoka kinafaa. Anza pale shina linapoingia ardhini, gonga mzunguko mzima kwa nafasi ya kiganja kimoja kimoja, upande hivyo hadi mikono isipofika. Mbao nzima inajibu kwa sauti kavu na fupi. Palipo na uwazi sauti ni nzito na inavuma. Gamba lililobanduka nalo hudanganya sikio, kwa hiyo pakivuma bandua kidogo, ugonge tena kwenye mbao.

Pale palipovuma, toboa kwa biti nyembamba na ndefu ya milimita 5 au 6, polepole, ukisikiliza mkono wako. Biti ikiwa kwenye mbao nzima inasukumwa kwa nguvu ileile na unga wake unatoka mweupe au wa rangi ya mti. Ukifika kwenye uozo biti inazama ghafla, unga unatoka wa kahawia, wenye unyevu na harufu ya uyoga. Weka alama kwenye biti na upime: huo ndio unene wa ukuta mzima. Toboa sehemu tatu au nne tu, maana kila tundu ni mlango wa uozo kwa mti utakaobaki.

Kipimo kinachojulikana ni theluthi ya nusu upana. Shina la sentimita 60 lina nusu upana wa 30, hivyo ukuta ukipungua chini ya sentimita 9 au 10 mti uko hatarini kuvunjika. Lakini kipimo hiki kilipatikana kwa kuchunguza miti iliyovunjwa na dhoruba. Hakikumfikiria mtu aliyening'inia juu, wala magogo yanayoshushwa kwa kamba. Kwa kupanda tunataka ukuta mnene zaidi ya huo. Na kama uwazi una mdomo nje, ule unaotosha kuingiza mkono, kipimo hiki usikitumie kabisa: bomba lililopasuliwa ubavuni halina nguvu ya bomba zima.

Angalia pia uyoga mgumu unaotokeza kwenye kitako cha shina kama rafu, kahawia juu, mweupe chini. Mara nyingi ni jamii ya Ganoderma, na kazi yake ni kuozesha mizizi na kitako huku majani yakiendelea kuwa ya kijani. Mti wenye uyoga huo usihukumiwe kwa majani yake. Avoka lina shida yake hata likiwa zima, kwani mbao yake ni laini na tawi hukatika bila mlio wa kuonya. Kwa kufungia kamba ya mpandaji wengi hutaka tawi bichi lisilopungua sentimita 10. Kwenye avoka sisi tunataka nene zaidi, na kamba ipite kwenye panda kuu ya shina, isikae katikati ya tawi.

Uozo una ubaya mwingine ambao mafundi wengi hawaufikirii, nao ni bawaba. Ukiangusha mti unakata mdomo upande wa kuangukia, kama robo ya upana, kisha unakata kwa nyuma na kuacha ukanda wa mbao ambao haujakatwa, kama sehemu moja ya kumi ya upana: sentimita 6 kwa shina la 60. Ukanda huo ndio bawaba, nao ndio unaouongoza mti njia yote hadi chini. Ukiwa umeoza unakatika mapema, na mti unakwenda unakotaka. Mti uliokauka muda mrefu unafanya vivyo hivyo. Kwa hiyo shina lenye uozo kitakoni, nyumba ikiwa ndani ya urefu wa mti, usikubali kuliangusha kwa kulielekeza, hata mteja akikuonyesha uwazi mpana upande wa pili.

Mkaratusi mzima ulioinama sana nao una hila yake. Ukiukata kwa nyuma moja kwa moja unaweza kupasuka kwa urefu na kipande cha nyuma kikaruka juu kumpiga mkataji usoni. Njia yake ni kutoboa kwa ncha ya tronsonezi (msumeno wa mashine) kupitia ubavuni, nyuma ya bawaba, ukaacha ukanda wa nyuma ukiushikilia mti, na kuukata huo mwisho kabisa. Kama hujawahi kufundishwa mkato huo, usijifunzie kwenye mti wa mtu.

Tawi limelalia waya wa umeme kwetu Panzi. Umeme unakatika kila siku. Tukifanya kazi saa za kukatika kuna hatari gani?

Hatari ni ileile, na imeongezeka hatari ya kujidanganya. Umeme uliokatika kwa mgao unaweza kurudi sekunde yoyote bila mtu kukupigia simu. Halafu kuna jenereta za mitaani. Mtu akiunganisha jenereta kwenye nyumba yake bila swichi ya kutenganisha, umeme wake unatoka hadi kwenye waya wa barabara, na ukipitia transfoma kwa kinyume unapandishwa kuwa wa volti maelfu. Waya unaouona umekufa unaweza kuwa hai kwa sababu ya nyumba ambayo hata huioni.

Kanuni za kazi za Ufaransa zinataka umbali wa mita 3 kwa nyaya zilizo chini ya volti 50,000 na mita 5 kwa zile za juu ya hapo. Hesabu hiyo inajumlisha ulichoshika na tawi linaloanguka, siyo mwili wako peke yake. Tawi lililokwisha kugusa waya ni la kukataa hadi wafanyakazi wa SNEL, shirika la umeme la taifa, wakate laini, wapime kwamba imekufa, waiunganishe na ardhi pande zote mbili za mahali pa kazi, na mmoja wao abaki hapo hadi mwisho. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo, rudisha kamba kwenye gari. Kulivuta tawi kwa ufito mrefu ni kosa pia, kwa sababu mianzi na mbao zenye maji hupitisha umeme.

Waya ukianguka, kaeni mita 10 au zaidi. Aliye ndani ya umbali huo atoke kwa kuburuta miguu ikiwa pamoja, bila hatua ndefu, kwani ardhi yenyewe ina umeme na hatua ndefu huupitisha mwilini.

Kamba yetu imeandikwa kilo 2,000. Mkubwa wangu anasema inatosha kwa gogo lolote. Ni kweli?

Si kweli. Hizo kilo 2,000 ni mahali inapokatikia ikiwa mpya na haina fundo. Kwa kazi gawanya kwa 10, unabaki na kilo 200, na fundo nalo hula sehemu kubwa ya nguvu, mara nyingi theluthi hivi.

Sasa pima gogo. Mkaratusi mbichi una uzito wa karibu tani moja kwa kila mita ya ujazo. Kipande cha upana wa sentimita 40 na urefu wa mita 1 ni kama kilo 125. Kikining'inia kimya, kamba inakibeba. Lakini mnapokata kipande kilicho juu ya roda, kinaanguka zaidi ya mita moja kabla kamba haijakaza. Ikikaza ghafla, mvuto unafika mara kadhaa ya uzito ule. Na kwenye roda kamba inavuta pande mbili, anayeshuka na anayezuia, hivyo shina pale linabeba karibu mara mbili ya mvuto wa kamba. Mpandaji amefungwa kwenye shina hilohilo, hatua moja chini ya roda. Ndiyo maana shina lenye shaka halishushiwi magogo, hata kamba ikiwa mpya kabisa.

Kata vifupi. Kipande cha sentimita 30 cha upana uleule kina kilo 38 tu. Wa chini azungushe kamba mara mbili au tatu kwenye kitako cha shina zima, aiache iteleze kidogo kipande kinapoanguka, kisha aipunguze mwendo taratibu. Akiifunga palepale, analeta kishindo chote juu. Kama hakuna wa chini anayeijua kazi hiyo, au kamba imewahi kuvuta gari, imepaushwa na jua, au imenunuliwa sokoni bila maandishi yoyote, kazi ya kushusha magogo juu ya mabati ya watu isianzwe.

Niko Goma, parseli iko juu ya lava ya volkano ya 2002. Mti umeng'oka nusu, umelalia ukuta, mizizi imeinuka. Fundi mmoja amekataa kuukata, anasema mizizi ndiyo hatari. Anazidisha?

Hazidishi. Juu ya lava udongo ni mwembamba, mizizi inatambaa pembeni na kujishika kwenye nyufa za mawe, na mti ukilala sahani yote ya mizizi hufunguka kama kifuniko. Uzito wa shina ndio unaoishikilia ikiwa wazi. Shina likikatwa, sahani inaweza kurudi ilikotoka kwa ghafla pamoja na kisiki, au kuangukia upande wa pili, na aliyesimama karibu yake hana muda wa kukimbia. Fundi mzuri huifunga kwanza kwa mnyororo au winchi ya mkono kwenye kitu kisichosogea, huweka magogo ya kuegemeza, na hahesabu mawe ya lava yaliyolegea kuwa nguzo. Watoto wasicheze ndani ya shimo hilo hata siku moja. Na kama shimo liko eneo lenye mazuku, ile hewa ya kuua inayotoka ardhini na kujikusanya mabondeni, asiingie mtu kabisa, hata wa kuchimba mizizi.

Mimi ni msaidizi, Bagira. Mkubwa wangu hunituma nipande tukiwa wawili tu, na yeye hapandi. Nikisema hapana ataniona mwoga.

Mdogo wetu, mwambie kinachokosekana, usimwambie unavyojisikia: "Mkubwa, nikizimia juu nani atanishusha?" Mtu aliyepoteza fahamu akining'inia kwenye mkanda yuko hatarini ndani ya dakika chache, na gari la wagonjwa halipandi kwenye vichochoro vyetu. Chini lazima awepo mtu wa pili anayejua kupanda, mwenye mkanda na kamba yake tayari. Juu uwe umefungwa sehemu mbili kila tronsonezi inapowaka, uishike kwa mikono miwili, na usiitumie ukiwa kwenye ngazi.

Shuka miti midogo ikianza kuyumba yote, kwani hapo upepo umekaribia kilomita 30 kwa saa. Shuka ngurumo ya kwanza ikisikika. Gamba la mkaratusi likiwa na maji, ngojea likauke. Na ukiona nyuki wanaingia na kutoka kwenye tundu la shina, usiwashe mashine, kwa maana mtetemo huwachokoza, na aliyefungwa kwa kamba mbili hawezi kuwakimbia. Mwite mfuga nyuki awahamishe jioni, mrudi siku nyingine.

Mafundi wawili wamekataa kukata sipre (mvinje) iliyo karibu na nyumba yangu, Nguba. Mimi mama peke yangu nifanye nini? Naogopa kila mvua.

Mama, wawili hao wamekusaidia, ila waombe wakueleze sababu kwa maneno kamili: ni mizizi, ni shina, ni waya, au ni nafasi ya kushushia? Kila jibu lina dawa yake. Kama ni nafasi, zungumza na jirani ukuta ufunguliwe siku mbili. Kama ni waya, peleka ombi SNEL kwa maandishi ubaki na nakala. Kama ni udongo uliolowa na mti hauna ufa mizizini, kazi inaweza kungoja Juni hadi Agosti, na kwa sasa fundi apunguze matawi ya pembeni kidogo ili upepo ukose pa kushika. Asikate kichwa chote, kwani sipre haichipui kwenye mbao nzee na kisiki kirefu kitaoza kikiwa kimesimama.

Ikiwa sababu ni mizizi au kitako kilichooza, usingoje kiangazi. Hamisha vitanda kwenye chumba kilicho mbali na mti leo hii, mpigie shefu wa avenyu, utafute kundi lenye watu watatu au wanne na mti wa pili wa kufungia kamba au gari la kunyanyulia. Akija mwingine anayeahidi kumaliza asubuhi moja kwa nusu ya bei, muulize atafunga kamba yake wapi na nani atasimama chini. Asipojibu yote mawili akiuonyesha mti kwa kidole, usimpe kazi.